Filta ya oili ya shilingi 350: nikague nini kabla chama hakijanunua katoni nzima?

Probox_Kayole

Wadau habari zenu. Naomba msaada wa haraka maana mkutano ni Jumapili.

Tuko na chama cha wenye Probox na Succeed. Wengi wetu tunabeba mayai, mkate na mboga kutoka upande wa Kiambu kuja Eastlands. Injini karibu zote ni 1NZ, ile ya 1500. Oili tunabadilisha kila kilomita 5,000, na kwa kazi yetu kilomita hizo zinaisha upesi. Filta tumekuwa tukinunua ile ya Toyota, namba 90915-YZZE1, kwa 1,100 hivi. Sasa mwenzetu mmoja amepata duka huko Grogan, Kirinyaga Road, wanaouza filta za jina ambalo sijawahi kulisikia. Ukichukua katoni ni 350 kila moja. Mkebe mweupe, maandishi ya buluu, na kwenye boksi wamejisifu "mikroni 10".

Chama kimenituma mimi nikague, eti kwa kuwa nafanya welding. Nimepewa mbili za kuchezea. Nikiziweka kando ya YZZE1, kwa nje sioni tofauti yoyote ya maana isipokuwa rangi.

Sasa nauliza: nikiwa pale kaunta naangalia nini? Na nikipasua hizi mbili, ndani natafuta nini? Tafadhali msinijibu tu kwamba bei rahisi ni ghali, hilo hata mweka hazina wetu ameshalisema.

Mzee wa Kitengela

Kijana, injini ikifa unaitoa wapi nyingine na kwa pesa ngapi? Gawanya hiyo kwa tofauti ya 750 halafu urudi utuambie hesabu imetokaje. Nunua ya Toyota kwa ajenti ulale. Nimemaliza.

Fundi wa Light

Mzee wangu, shikamoo. Ya kwa ajenti sina neno nayo. Shida ni kwamba wengi hawaendi kwa ajenti, wanaenda duka la karibu na kuulizia "ile ya Toyota". YZZE1 inaigwa. Hapa Kariobangi Light Industries nimeshapasua zilizokuja na boksi safi kabisa na namba sahihi, lakini ndani ni aibu. Kwa hiyo huyu kijana anauliza swali la maana, na ukaguzi ni ule ule kwa filta yenye jina na isiyo na jina.

Probox, geuza filta utazame upande wa kufungia. Katikati pana tundu kubwa lenye thredi, na pembeni yake vitundu vidogo vimezunguka. Oili chafu inaingia kwa vile vidogo, inapita kwenye karatasi, inatoka safi kwa tundu la katikati na kurudi kwenye injini. Shika hapo, mengine yote utayafikiria mwenyewe.

Anza na thredi. Makosa mengine ya filta yanakula injini polepole, lakini hili linakuacha Outering usiku na mayai yako. Toyota yako inataka thredi ya inchi 3/4, meno 16 kwa inchi. Honda Fit na Nissan ndogo nyingi zinatumia milimita 20. Inchi 3/4 ni milimita 19.05. Sasa filta ya milimita 20 inaingia kwenye Toyota, inazunguka vizuri, raba ikibana unadhani imekaza, kumbe thredi zimeshikana kwa ncha tu. Asubuhi injini ikiwa baridi na oili nzito, presha inapanda, filta inaachia, na zile lita 3.7 ziko chini kabla hujaiona taa ya oili. Viwanda vya bei ya chini hutumia mkebe na rangi ile ile kwa magari mengi, na mtu wa kupakia akikosea boksi, wewe huoni. Kwa hiyo usiamini namba ya kwenye boksi. Tafuta nipo, yaani kile kibomba chenye thredi ambacho filta hufungiwa juu yake, iliyofunguliwa kwenye 1NZ iliyokufa, uweke mfukoni, na kila filta uifunge kwa mkono kwenye hiyo nipo. Ikitikisika kando kwa kando, rudisha.

Ukiwa hapo, pitisha kidole safi ndani ya thredi. Ukitoka na unga wa chuma, achana nayo bila mjadala. Kumbuka tundu la katikati ni upande wa oili safi. Uchafu wowote uliobaki hapo haupiti tena kwenye karatasi, unaenda moja kwa moja kwa beringi za krenki.

Halafu chungulia vile vitundu vidogo. Utaona raba imefunika kwa ndani. Isukume kwa kijiti cha meno, kisafi tafadhali: inatakiwa ibonyee na irudi yenyewe. Kazi yake ni kuzuia oili isirudi chini ukizima gari. Ikiwa ngumu au imekaa upande, filta inajimwaga usiku, na asubuhi injini inazunguka sekunde kadhaa ikisubiri presha. Kwenye 1NZ utasikia cheni ikikwaruza, kwa sababu ile tensheni yake, kifaa cha kuikaza, inasukumwa na oili. Raba nyingi nyeusi ni za naitraili, ambayo hukauka kwa joto na umri. Silikoni hustahimili zaidi na mara nyingi ni ya rangi ya machungwa au nyekundu, ila rangi peke yake si ushahidi, rangi hata wao wanaijua.

Kuna kipimo kimoja cha bure ambacho wauzaji hawakipendi. Weka mdomo kwenye tundu la katikati upulize. Kwa upande huo hewa inatakiwa igome, kwa kuwa raba inaziba vile vitundu. Ikivuja kidogo si neno, raba kavu haizibi kama iliyolowa oili. Lakini ikipita kama unapuliza bomba, hakuna raba hapo, pana mapambo.

Uzito usikudanganye. Mkebe mzito ni mkebe mzito tu.

Sasa kupasua. Najua una grinda na mkono unakuwasha, lakini usikate mkebe katikati, utajaza vumbi la chuma ndani na usijue lipi ni la kiwanda na lipi ni lako. Bana kwenye vaisi taratibu, usage ule ukingo uliokunjwa unaoshika sahani ya chini mpaka uwe mwembamba, sahani itajitokea yenyewe. Tupa pia inafanya, ila utatoka jasho.

Ndani utakuta karatasi iliyokunjwakunjwa kuzunguka bomba lenye matundu, na juu na chini imebanwa na sahani. Hapo kwenye maungano ndipo mahali pa kukaa na kutazama. Gundi izunguke bila kukatika, na ncha zote za mikunjo ziwe zimezama ndani yake. Kisha tafuta mahali ncha mbili za karatasi zinapokutana. Wengine wanabana kwa kipande cha bati, wengine kwa gundi, yote sawa mradi hapana mwanya. Karatasi inaweza kuwa nzuri kuliko zote Nairobi, lakini oili hupita penye upinzani mdogo, na mwanya wa milimita moja unafanya karatasi yote isiwe na kazi. Washa tochi ya simu uiingize katikati, uzime taa ya chumba. Mwanga hafifu kupitia karatasi ni kawaida. Nukta kali au mstari wa mwanga ni tundu.

Mwisho, baipasi. Ni kisahani chenye springi, kiko juu au chini kutegemea aliyetengeneza. Karatasi ikiziba, au oili ikiwa nzito ya baridi, tofauti ya presha ikifika kama bari moja kinafunguka ili injini isikose oili. Ukibonyeze kwa ncha ya mbao: kifunguke, kirudi, kikae sawasawa. Nimeshakuta kilichokaa mshazari muda wote, maana yake oili chafu ina njia yake ya mkato kila siku ya Mungu.

Ah, na sahani zikiwa za karatasi ngumu badala ya bati, mimi nakataa.

Spea_Ngara

Mimi ni muuzaji, kwa hiyo nisikilizeni na kijiko cha chumvi mkitaka. Fundi amesema vizuri ila ameruka biashara yenyewe.

Hizo mbili ulizopewa, nani alizichagua? Kama ni mwenye duka alizitoa kwenye rafu, umekagua rafu, hujakagua katoni. Sema unataka katoni unayonunua ifunguliwe mbele yako, na wewe mwenyewe uchomoe ya juu, ya katikati na ya chini kabisa. Angalia namba ya toleo iliyogongwa kwenye mkebe. Zikiwa za matoleo tofauti ndani ya katoni moja, mtu amekusanya mabaki akafunga upya. Namba zikiwa hazipo kabisa, hata mimi nisingeziuza, na mimi si malaika.

Tazama kama boksi lina stika ya ISM, ile alama ya bidhaa za kutoka nje ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Stika yenyewe pia huigwa, lakini duka ambalo halina hata ya kuigwa linakuambia kitu. Na kama ni ile yenye jina kubwa na unashuku ni feki, kuna Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi, iliundwa na sheria ya 2008, inapokea malalamiko. Risiti ndiyo watakayokuuliza kwanza. Andikisha namba ya toleo kwenye risiti, na uandikishe kwamba zisizofunguliwa unaweza kurudisha. Akikataa kuandika, bei ya 350 imeshakuambia ilikotoka.

Na zile zilizopangwa dirishani mwa duka zikipigwa na jua, usichukue hata ukipewa bure. Raba hiyo imeiva.

Mhandisi_Juja

Nakubali karibu yote, nina mawili.

La kwanza ni hiyo "mikroni 10". Unywele wa binadamu una takriban mikroni 70, kwa hiyo 10 inasikika tamu. Lakini filta si chujio la chai lenye matundu sawa. Namba ya mikroni bila asilimia haina maana: inakamata asilimia 50 ya chembe za ukubwa huo, au 99? Hata karatasi ya kawaida itakamata baadhi ya chembe za mikroni 10. Mtengenezaji anayejua anachofanya hutaja vyote viwili pamoja na kipimo, mara nyingi ISO 4548-12, ambapo vumbi maalumu huongezwa kwenye oili inayozungushwa na chembe huhesabiwa kabla na baada ya filta. Boksi likisema mikroni tu, lichukulie kama maandishi ya matatu.

La pili, Fundi, sahani za karatasi ngumu si lazima ziwe mbaya. Sahani haibebi mzigo mkubwa, kazi yake ni kuziba ncha za mikunjo. Kuna watengenezaji wakubwa wameuza za hivyo miaka na miaka na magari yanatembea. Gundi ikishika, imeshika. Vilevile watu wasihesabu mikunjo na kutangaza mshindi. Mikunjo mingi mifupi inaweza kuwa na eneo dogo kuliko michache yenye kina, na ikibanana sana oili haipiti katikati yake. Ukitaka kulinganisha, kunjua karatasi zote mbili mezani upime urefu na upana.

Fundi wa Light

Mhandisi, kwa mtengenezaji anayepima kila toleo, nakubali. Hapa tunazungumzia filta isiyo na baba. Bati likiwa na gundi mbaya bado linabana mikunjo kwa ukingo wake. Karatasi ngumu ikiwa na gundi mbaya haina cha kushikilia. Kwa 350 sitaki kumtegemea mtu wa kupaka gundi peke yake. Hilo la kukunjua na kupima ni zuri, nalichukua.

Ila ongeza moja: kata kipande cha hiyo karatasi, ulaze kwenye oili uliyoipasha moto, ukiache mpaka kesho. Karatasi ya filta huwa imepakwa utomvu wa kuifanya ngumu. Kipande kikitoka kinachanika kama tishu, utomvu ulikuwa kidogo au haukuivishwa.

Probox_Kayole

Asanteni sana. Nimerudi na habari.

Nipo nilipewa na fundi wa Dandora. Zote mbili zilikaa vizuri, thredi ni ya Toyota kweli, hakuna unga wa chuma. Kupuliza: moja iligoma, nyingine ikapita ikipiga mluzi. Nilipofungua ile ya mluzi, raba imo, lakini ukingo wake una mkunjo upande mmoja, kama ilibanwa vibaya wakati wa kufunga.

Sahani ni za bati. Baipasi zote mbili zinarudi sawa. Ile ya kwanza gundi imezunguka vizuri, tochi haikuonyesha kitu, kwa kweli nilianza kuipenda. Ile ya mluzi, mahali ncha za karatasi zinapokutana, kile kibati hakikufika chini. Mwanga ulitoka pale kama mlango uliosahauliwa wazi. Kipande cha karatasi nilicholaza kwenye oili kimebaki kigumu, kwa hiyo karatasi si mbaya.

YZZE1 niliyotoa kwenye gari yangu nikaipasua pia ili nilinganishe. Karatasi yake nilipoikunjua ni ndefu kwa zaidi ya kiganja kuliko hizi.

Namba za toleo kwenye mikebe hazifanani. Mwenzangu anasema zilitoka katoni moja, aliona kwa macho yake.

Sasa niwaambieje? Maana moja ni nzuri. Kuna mmoja kwenye chama ameshasema tupulize zote, zinazogoma tufunge, zinazopiga mluzi turudishe.

Fundi wa Light

Waambie hapana.

Kama zote mbili zingekuwa na karatasi fupi lakini zimefungwa vizuri, ningesema nunueni na mbadilishe oili mapema kidogo. Filta ya kiasi ambayo kila moja inafanana na mwenzake unaweza kupanga maisha nayo. Hizi hazifanani. Kupuliza kumekamata raba, hakukukamata ule mwanya wa karatasi. Umeuona kwa sababu ulipasua, na uliyopasua huwezi kufunga. Katika yako iliyokuwa na kasoro vyote vilikuja pamoja, kwa bahati nzuri. Kwenye katoni kutakuwa na yenye raba nzuri na mwanya, itagoma vizuri kabisa na mtaifunga mkishangilia.

Na matoleo tofauti katoni moja, Spea_Ngara ameshaeleza.

Si lazima mrudi 1,100. Kuna kampuni ambazo kazi yao ni filta, kama Sakura ya Indonesia, VIC ya Japani, au Mann ya Ujerumani, ambayo ya Probox yako ni W 68/3. Hapo Kirinyaga Road mkichukua nyingi kwa pamoja mnaweza kulipa chini kabisa ya hiyo ya Toyota. Nazo huigwa, kwa hiyo nipo, kidole, kijiti, pumzi, kama kawaida. Chukueni katoni moja kwanza, mpasue moja ya chini kabisa mbele ya muuzaji. Gharama ya hiyo moja mgawane.

Mzee wa Kitengela

Kwa hiyo mmezunguka Nairobi nzima mkafika karibu na pale niliposema.

Spea_Ngara

Mzee, karibu na hapo lakini kwa bei nyingine. Hiyo tofauti ndiyo chama.

Probox_Kayole

Nitapeleka ile iliyopasuka kwenye mkutano, mweka hazina aione na tochi yake mwenyewe. Swali la mwisho kwa Fundi: filta tukizitoa baada ya 5,000, kuna faida ya kuzipasua hizo za zamani, au ni uchafu tu?

Fundi wa Light

Iko faida, hasa kwa magari yenu ya mtumba ambayo hamjui yalitunzwaje Japani. Iache ikae kichwa chini ivuje usiku mzima. Safari hii grinda usiguse kabisa, tumia kikata filta cha gurudumu, ninacho. Kata kipande cha karatasi, kikunje ndani ya kitambaa cheupe, ukibane kwenye vaisi oili itoke, halafu kifungue juani. Weusi ni kawaida. Ukiona vimeta, pitisha sumaku: vinavyonaswa ni chuma, vinaweza kuwa vya cheni au krenki. Visivyonaswa na vinang'aa kama fedha huenda ni alumini, na vya rangi ya shaba nileteeni hilo gari wiki hiyo hiyo.

Wakati wa kufunga mpya, paka raba oili kidogo, funga kwa mkono mpaka raba iguse, kisha robo tatu ya mzunguko. Hakikisha raba ya zamani haikubaki imenata kwenye injini, raba mbili zikipandana zinamwaga oili yote.

Oili chafu msimwage mtaroni, leteni na mtungi. Kuna mzee wa hapa jirani huichukua kupaka nguzo za ua, mchwa hawazigusi. Tunafunga saa kumi na moja, Jumapili hatupo.